Mnyama na Nyama

Walipomaliza kufukia kaburi la Deo, katekista alisimama akasema marehemu alikuwa mtu mwema, na mimi nikacheka. Sikukusudia. Kicheko kilinitoka kama chafya, katikati ya watu waliovaa nguo zao za Jumapili, kule Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, jua likiwa kali na mahindi yamekauka pande zote mbili za njia. Mama mmoja wa Kirundi alinikata jicho, na alikuwa na haki. Nilicheka kwa sababu nilimjua Deo. Angekuwa hai pale, angemshika katekista mkono kwa upole wake ule wa kuudhi, akamwuliza: "Mwema, sawa. Lakini wewe umejuaje?" Asingekuwa anamkatalia. Angetaka tu kujua huo wema ameuona kwa jicho gani, na kama hilo jicho lenyewe linaaminika. Nililia baadaye, nyumbani, nikiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari. Nililia kwa huzuni na kwa hasira, maana amekufa kabla hatujamaliza ugomvi wetu, na ugomvi huo ulianza mwaka ambao nilikuwa na umri wa wasichana ninaowafundisha sasa.

Sitasimulia ukoo wetu wala safari ya kutoka Kivu, kule Kongo. Kila mtu Nakivale ana safari yake, na tumezisimulia kwa maafisa mpaka zimekuwa na sauti moja. Nitasimulia vyumba. Mwaka huo nilikuwa nasoma mjini Mbarara na mama yangu alikuwa Rubondo, kijiji kingine cha kambi, kwa hiyo nilikuwa na vyumba viwili na sikuwa na kwangu. Siku za shule nililala mtaa wa Kakoba, mjini, kwenye muzigo, kama wanavyoita pale chumba kimoja cha kupanga kilichoshikana na vingine katika safu. Tulikuwa wasichana watatu, mimi na wawili wa Kinyankore waliokuwa wakichemsha maziwa asubuhi na jioni, mpaka madaftari yangu yakanuka maziwa. Pazia la kitenge liligawa kitanda na jiko. Mlango ukiwa wazi tulimwona mwenye nyumba ameketi kwenye mkeka akichambua maharagwe, na mbwa wake, jina lake Polisi, akibweka. Polisi alibwekea wapangaji, wageni, kuku, mvua ikianza na mvua ikikatika. Mwenye nyumba alimpenda sana na hakutaka kusikia neno baya juu yake.

Deo alikaa chumba cha mwisho cha safu. Alikuwa Mrundi aliyetoka seminari kabla ya kupewa upadre, sababu hakuieleza, na alifanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na chuo. Wanafunzi walileta vitabu vyao vinene vya filosofia na sayansi, na mashine ikitafuna karatasi au wino ukimwagika, zile kurasa zilizoharibika Deo alizibeba nyumbani akazisoma. Elimu yake yote baada ya seminari ilikuwa ya kurasa zilizoharibika. Aliweza kukuelezea hoja kali kabisa ya mtu fulani wa Ulaya, na ukimwuliza wenzake walimjibu nini, alisema, "Huo ukurasa ulitoka mzuri, waliondoka nao." Nilimtania kwa hilo, naye alicheka kuliko mimi. Alikuwa na meno mazuri na shati moja la maana.

Nilimwendea kwa sababu mwalimu wetu wa biolojia alikuwa ameanza mada ya mageuzi ya viumbe, jinsi viumbe vyote, binadamu akiwamo, vilivyotokana na vingine vilivyotangulia, na yule anayefaa kwa mazingira yake akaishi na kuzaa, asiyefaa akapotea. Kanisani kwetu Rubondo hayo yalikuwa maneno ya shetani. Nilidhani mtu wa seminari atanituliza, ataniambia ni uongo, nikariri kwa ajili ya mtihani kisha nisahau. Ilikuwa asubuhi ya siku isiyo ya shule. Alikuwa ameketi kizingitini na sahani ya katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na matumbo ya ng'ombe, akanisogezea nile naye, nami nikamweleza ya mwalimu.

"Ni kweli," alisema. "Sokwe si shida, Riziki. Sokwe anisamehe. Shida iko hapa." Akajigusa kifuani na kijiko.

"Shida gani?"

"Wewe unajua kuua mtu ni vibaya?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu anasikia hivyo. Mi sikuuliza unasikia nini, nimeuliza unajua nini." Kwetu sisi watu wa Kongo na Burundi kusikia si kazi ya masikio peke yake, ni kuhisi pia, ni kuona moyoni. Deo aliweka sahani chini. "Tazama. Zamani, mtu ambaye hakuhurumia watoto wake, watoto walikufa, hakuacha uzao. Aliyehurumia aliacha. Aliyeua wenzake ovyo, walimfukuza akafa peke yake. Sisi ni wajukuu wa wale wenye huruma. Basi huruma tumerithi, kama pua. Sawa?"

"Sawa. Na ubaya wake uko wapi?"

Ndipo Polisi akaanza kubweka, na Deo akafurahi kana kwamba amemlipa. "Haya, huyu. Anabweka. Mwizi amekuja?"

"Polisi anabweka saa zote."

"Basi. Pengine mwizi yuko, pengine hayuko. Yeye atabweka tu. Kwa hiyo akibweka, wewe hujajua kitu. Dhamiri yako ndiyo hiyo. Ingelia 'vibaya, vibaya' hata kama hapa duniani hakuna kitu kinaitwa vibaya, kwa sababu kulia kwake ndiko kuliwaweka babu zetu hai. Si kwamba ni uongo. Ni kwamba hatujui."

Nikamwambia basi na macho yetu tumerithi vilevile, mbona tunayaamini. Alikuwa na jibu tayari. Aliyeona njia safi mahali palipo na nyoka aliumwa akafa, kwa hiyo jicho lililazimika kufuata nyoka aliko. Dhamiri ililazimika kufuata nini? Nilimaliza matoke yake bila kutambua kwamba nakula, nikarudi chumbani, nikatoka tena, nikaenda kwa miguu mpaka mtaa wa Nyamityobora na kurudi bila shughuli yoyote. Kwa wiki nyingi nilikuwa hivyo. Mwenye nyumba alinifuata kwa macho kutoka mkekani akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe nyabo, kila saa natembea, natembea! Kaa chini. Nachosha macho yangu."

Mtu mwingine angekaa chini. Mimi sikuweza, na sababu iliitwa Manasse. Huyu alikuwa jirani yetu huko nyumbani, mtu aliyekula kwetu, na siku watu wenye bunduki walipofika mlangoni kwetu asubuhi, alikuwa mmoja wao. Walimtoa kaka yangu mkubwa wakamwua. Mimi nilikuwa mdogo, na katika kumbukumbu yangu mimi mwenyewe nina uji tu, ladha ya uji wa mtama ambao haukuwa na sukari. Mwaka ule ninaousimulia, Manasse alikuja Rubondo. Alikuwa mkimbizi kama sisi, amezeeka mapema, ameokoka, anaimba bezi kwenye kwaya. Hakujificha. Wiki ya kwanza alikuja mwenyewe mpaka kwa mama kusalimu, na mama akafunga mlango. Kisha kanisa likataka kumfanya mzee wa kanisa. Desturi yetu ni kwamba jina linatangazwa Jumapili, na pasta anauliza kama kuna mtu yeyote ana neno na huyu ndugu. Kwa kawaida hakuna anayejibu, watu wanapiga makofi. Mama yangu alisimama.

Sasa mtu aelewe nilikuwa napigania nini nikizunguka Mbarara kama aliyepoteza ufunguo. Mama hakuwa na picha ya kaka yangu. Hakuwa na kaburi la kwenda kupalilia. Kitu pekee alichovuka nacho mpaka ni hiki, kwamba lile lilikuwa baya. Hakusema tu kwamba lilimuuma, alisema lilikuwa baya, na lingekuwa baya hata yeye asingezaliwa. Na sasa Deo, akila matumbo, ananiambia kwamba hilo ni kubweka. Kama Deo alikuwa sahihi, basi yule mama aliyesimama kanisani hakuwa na neno. Alikuwa na maumivu, na maumivu hata mbuzi anayo.

Jumamosi nilirudi Rubondo. Mama alikuwa jikoni, kile kibanda cha udongo chenye paa la turubai, anatwanga sombe. Majani ya muhogo yalikuwa yamelowa, na kila mchi ulipoanguka rangi ya kijani iliruka mpaka ukutani. Nje nilisikia majirani wawili wakisubiri zamu ya maji kwenye bomba, na walikuwa wakimsema yeye. "Mama huyu ana roho nguvu," mmoja alisema. "Muntu alisha kuokoka, unataka nini tena?" Mama alisikia pia. Alizidisha kutwanga.

"Banataka niseme ilisha kwisha," aliniambia. "Ilikwisha fasi gani? Miye sikuona fasi ilikwisha."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka kumpa kitu cha kumpunguzia, kumwonyesha kwamba Manasse hakuwa shetani wala mama hakuwa na roho ngumu, kwamba sote tunaendeshwa na mambo ya kale yaliyomo ndani ya damu. Na kwa kuwa nilizungumza na mama, nilizungumza kwa Kiswahili chetu.

"Mama, ku masomo banatufundisha ati bantu ni nyama. Si kutukana. Miye, weye, Papa Manasse, bote tuko nyama tu."

Mchi ukasimama juu.

"Sema tena."

Sikusema tena. Nilimwona uso, nikajua nimevunja kitu ingawa sikujua ni kipi. Mama aliweka mchi chini taratibu, akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Bale bantu balipofika ku mulango," alisema, "njo hiyo neno balisema. 'Mutoe nyama inje.' Kaka yako alikuwa na kikombe ya uji mu mikono. Njo yeye balikuwa banaita nyama." Akatoka. Sombe ilibaki kinuni ikageuka nyeusi. Siku mbili zile alinipakulia chakula, akakaa mahali pengine kula chake.

Ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na sisi tu. Kiswahili cha vitabu kina mnyama anayetembea na nyama iliyo sufuriani, na herufi ile moja inawatenga. Kiswahili chetu cha Kongo hakina herufi hiyo. Ng'ombe malishoni ni nyama, na kilo uliyonunua buchani ni nyama. Mtu akikuita nyama hujui kama anakutukana au anakutayarisha. Nilipomsimulia Deo, alishika kichwa. Alisema Kirundi kina inyamaswa na inyama, mbali kabisa, na mwenye nyumba aliyekuwa akisikiliza bila kualikwa akasema hata kwao ni vilevile, enyamaishwa ni ya porini na enyama ni ya kula. Nimefundisha biolojia miaka mingi tangu hapo, na kila nikifika mada ile, nikiwa na watoto wa Nakivale darasani, kwanza naandika mnyama na nyama ubaoni, naweka duara kwenye ile m. Wanadhani ni mambo ya tahajia.

Nilirudi Kakoba nikiwa natafuta ugomvi, na Deo ndiye aliyekuwa karibu. Nilimkuta anapiga pasi lile shati lake juu ya meza, kwa pasi ya mkaa. Nilianza nikiwa bado mlangoni. Nikamwambia kama dhamiri yangu ni Polisi kwa kuwa imerithiwa, basi na akili inayotunga hoja hii imerithiwa pia. Nani alimtunza babu yetu aliyejua kutunga hoja za filosofia? Zilimsaidia kukimbia simba? "Unamwambia Polisi anyamaze," nikasema, "na wewe unayesema hivyo ni mbwa mwingine."

"Sawa," Deo alisema. Aliendelea kupiga pasi. "Basi hatujui chochote. Siogopi hapo."

"Huogopi? Unaishije? Unaamka, unanunua mkaa, unapiga pasi shati, kwa sababu gani?"

"Kuishi ni kuishi. Naweza kununua mkaa bila kujua kitu."

"Huwezi. Unajifanya. Mtu akikuibia hilo shati utapiga kelele hapa mpaka watu wa mtaa wa Ruti wasikie, na hutasema 'ninasikia vibaya.' Utasema ameniibia!"

Alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Nilikuwa na hasira, sikumwacha. Nikamwuliza, "Unasema imani yangu inatoka tumboni. Na hii yako ya kutojua inatoka wapi? Nani alikuzaa nayo?" Nilisema vile kwa kumkomoa tu. Lakini Deo aliinua pasi juu, akaishika hewani kwa muda mrefu, na majivu kidogo yakaanguka kwenye kola.

"Baba yangu alifanya mambo," alisema. "Kule kwetu, wakati wa vita. Alifanya, si alifanyiwa. Na alikuwa ananibeba mabegani kwenda misa. Alininunulia viatu vya kwanza. Mi nilisoma seminari yote nikitafuta mtu wa kuniambia huyo ni nani. Halafu siku moja mashine ikaharibu ukurasa, nikasoma kwamba hakuna anayejua. Nikalala vizuri. Usiku wa kwanza niliolala vizuri toka nikiwa mtoto."

Nilikaa kitandani kwake. Ndiyo siku pekee mwaka ule niliyokaa chini bila kuambiwa. Nilielewa kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameshika upande uliomfaa. Mimi nilihitaji tujue, kwa ajili ya mama. Yeye alihitaji tusijue, kwa ajili ya baba. Ukifuata hoja yake mpaka mwisho, hilo lingetosha kutushuku wote wawili na kutuacha mikono mitupu. Nikamwambia hivyo, akaitika kwa kichwa. Alinimiminia bushera, kinywaji cha mtama, kwenye kikombe chake, tukanywa kwa zamu, bila kupatana.

Kikao cha kusikia neno la mama juu ya Manasse kilifanyika kwetu Rubondo, alasiri. Pasta alikuja na Biblia na baiskeli, Manasse akaja kwa miguu nyuma yake. Mama alikuwa amefagia uwanja, amepanga benchi la kuazima, amepika chai ya tangawizi kwenye sufuria kubwa. Chumba chetu cha mbele kilikuwa kidogo, magoti yetu yalikaribia kugusana. Ukutani kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita ambayo mama aliipenda kwa maua yake. Mimi nilikaa karibu na mlango na kazi yangu ilikuwa kumimina chai. Nilijua atakachosema Manasse. Nilikuwa nimekisikia chote Kakoba, kwa maneno mazuri zaidi.

"Miye sikatae," alianza. Alikuwa anaangalia kofia yake. "Pasta anajua, Mungu anajua. Lakini wakati ile hatukukuwa bantu, mama. Balitupatia bunduki, balitupatia bangi, tukageuka nyama ya pori. Na nyama haina zambi. Unaweza kupeleka imbwa ku tribinali? Ile nyama ilikufa. Yesu alinigeuza muntu. Sasa huyu muntu mupya, utamudai nini?"

Pasta alisema amina kwa sauti ndogo. Ilikuwa hoja ya Deo imevaa nguo za kanisa, na ilikuwa inafanya kazi. Niliona pasta amekwisha kushika Biblia tayari kwa sala ya kufunga.

"Siku ile nyama ilikuwa mutoto yangu," mama alisema. "Leo nyama ni weye. Hiyo neno iko natembea sana."

"Mama wetu..." pasta alianza.

"Ngoja, Pasta. Sikumuita juu alie. Niko na swali moja." Akamgeukia Manasse. Kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuulizia chumvi, alisema jambo ambalo mimi, niliyekuwemo ndani ya nyumba ile, sikuwahi kusimuliwa. "Mulipomutoa kijana inje, weye ulirudi mu nyumba. Ulinishika mabega, ukanigeuza sura ku ukuta. Ukageuza na huyu mutoto wa kike. Ulisema, 'Musiangalie.' Hakuna mwenye alikutuma. Benzako balikuwa inje, banakuita, banakucheka. Sasa niambie. Nyama ya pori ikikamata mbuzi, inageuzaka mama ya mbuzi ku ukuta?"

Manasse aliikunja kofia yake. Nje mtu alipita na ndoo, maji yakimwagika, akatusalimu kupitia dirishani. Pasta alikohoa, akasema pengine tuombe. "Hajajibu bado," mama alisema. Nilimimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa.

Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Rubondo nzima ilimwita mama yangu Mama Eliya, kwa jina la kaka yangu: pasta, majirani, wauza nyanya. Manasse peke yake alikuwa akisema "mama" tu, au "mama wetu," tangu alipofika. Sikuwa nimelitambua hilo mpaka alipofungua mdomo.

"Mama Eliya," alisema, na sauti ya bezi ikakatika katikati. "Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Ati ni mubaya. Mu njia ya kuja nilikuwa najua. Ku mulango nilikuwa najua. Siku yote nilikuwa najua."

Nilipomsimulia Deo, alinisikiliza mpaka mwisho, macho yamemlowa, kisha akasema alichojua nitamchukia kwacho: kwamba yule mtu alikuwa anasikia, si kujua. Aibu nayo ni mbwa, alisema, na mbwa wa zamani hubweka hata akiwa mbali na nyumba. Mimi nikamwambia sawa, lakini kundi lake lote lilikuwa linamcheka, kila faida ilikuwa upande wa kutosikia, na bado. Na siku mbwa amebweka na mwizi mwenyewe akanyoosha mkono akasema ni mimi, bado utasema hatujui kama mwizi alikuja? Alisema sijamjibu. Kweli sikuwa nimemjibu. Tuliendelea hivyo miaka yote, kwa simu, kwenye harusi, mara ya mwisho hospitalini, alipokuwa amekonda na bado anabishana. Kuna siku nasahihisha mitihani naona kabisa kwamba alishinda, natoka nje nazunguka uwanja wa shule mara kadhaa. Kuna siku naona kwamba hapakuwa na kushinda, kwamba mtu anayedai uthibitisho wa kila kitu kwanza atangoja mpaka nyumba iungue. Manasse mwenyewe alimwambia pasta aondoe jina lake, hakuwa mzee wa kanisa. Hilo halithibitishi chochote, Deo angesema, na mimi ningemwambia anyamaze.

Lakini alasiri ile Deo hakuwepo. Tulikuwa sisi wanne na sufuria ya chai. Manasse alikuwa amefunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika, na pasta alikuwa amemwekea mkono mgongoni. Mama alimngoja atulie. Hakumharakisha. Alipotoa kofia usoni alikuwa mzee zaidi ya alivyoingia.

"Basi," aliuliza, "unanisamehe?"

Mama alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa kweli, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya sanduku na hataki kusema hakipo kabla ya kufika chini.

"Apana," alisema. "Lakini saa hii niko naongea na muntu. Kunywa chai, iko napoa."

Manasse aliinua kikombe kwa mikono miwili, akanywa, na mama akakaa palepale akimtazama usoni mpaka alipomaliza.